Diski 12 za kuzunguka au SSD? Tunapima kabla ya msimu wa korosho

Karibuni watazamaji, hasa nyie mnaotunza seva za vyama vya ushirika na maofisi hapa Mtwara, Masasi, Newala, mpaka Lindi kule. Leo tunalinganisha mifumo miwili ya kuhifadhia data: sanduku la diski 12 za mizunguko 7,200 kwa dakika, na sanduku la SSD za seva, yaani diski zisizo na sehemu inayozunguka. Karatasi ya muuzaji wekeni pembeni kwanza. Namba kubwa iliyoandikwa pale mara nyingi ni ya kusoma tu, vipande vya kilobaiti 4, foleni ndefu ya maombi yanayosubiri.

Ghala la korosho halifanyi kazi hivyo. Makarani wanaingiza uzito na daraja la mzigo, na papo hapo mhasibu anavuta ripoti. Basi pima mchanganyiko: kusoma 70, kuandika 30, vipande vya kilobaiti 8 kama hifadhidata yako ni PostgreSQL au SQL Server. MySQL hutumia 16.

Tupige hesabu kidogo. Diski moja ya kuzunguka tuikadirie maombi 80 kwa sekunde, yaani IOPS 80. Mara 12, tunapata 960. Sasa zipange kwa RAID 6, mpango wa kuunganisha diski ili data ipone hata diski mbili zikifa: kila andiko dogo linazaa kazi 6 kwenye diski, kusoma tatu na kuandika tatu. Kwa mchanganyiko wetu, ile 960 inashuka hadi 384! RAID 10, ambako kila data inawekwa nakala mbili na andiko linazaa kazi 2 tu, inakupa kama 738. Diski ni zilezile. Gharama yake ni nafasi, maana RAID 10 inakula nusu ya ujazo, RAID 6 inakula diski 2 tu.

Kupimia tumia fio, programu ya kupima diski, ni ya bure. Weka rw=randrw, rwmixread=70, bs=8k, iodepth=16, numjobs=4, time_based na runtime=1800, yaani nusu saa. Usisahau direct=1, la sivyo unapima RAM ya seva. Na kwenye Linux weka ioengine=libaio; ukiiacha ile ya kawaida, iodepth haina kazi yoyote, foleni inabaki 1 na utailaumu diski bure. Eneo la kupimia liwe angalau mara mbili ya kache ya sanduku, yaani kumbukumbu yake ya haraka. Kama sanduku linabana data ili ichukue nafasi ndogo, ongeza refill_buffers, ili kila andiko liwe na data mpya. Halafu tafadhali sana: ukielekeza filename kwenye /dev/sdb yenye data, jaribio la kuandika linaifuta. Haiulizi.

SSD ina ujanja wake. Ikitoka kwenye boksi seli ni tupu, kwa hiyo dakika za mwanzo inakimbia kuliko itakavyokimbia kazini. Ijaze yote mara mbili, ndipo uanze kuandika matokeo.

Kwenye matokeo, wengi wanatazama IOPS wanafunga. Teremka mpaka kwenye clat, yaani muda wa kukamilisha ombi, mstari wa 99.00: maombi 99 kati ya 100 yanakamilika ndani ya muda huo. Foleni ya 64 ikijibiwa kwa milisekunde 2 ni IOPS 32,000. Foleni ya 256 kwa milisekunde 8 ni 32,000 vilevile, ila karani anasubiri mara nne.

Na waya je? Sanduku la SSD ukiliunganisha kwa mtandao wa gigabiti 1, unapata kama megabaiti 118 kwa sekunde, ambazo kwa vipande vya kilobaiti 8 ni IOPS 14,000 hivi. Kilichobaki umekilipia bure. Nenda gigabiti 10 au usinunue.

Kwa hifadhidata, mimi nasema SSD, hata kama ni chache. Za kuzunguka zipe rekodi za kamera na nakala rudufu. Kuandika kwa mfululizo zinafanya vizuri tu.

Kitu cha mwisho, na huku kwetu pwani ndicho kinachouma: betri ya kontrola ya RAID, ile kadi inayosimamia diski; betri inalinda data iliyo kwenye kache umeme ukikatika. Joto linaizeesha haraka, na ikichoka, kontrola nyingi zinaacha kuandika kwenye kache na kwenda moja kwa moja kwenye diski. Mfumo unakuwa mzito ghafla na hakuna diski iliyokufa. Kabla ya kupima, hakikisha hali ni write-back (kuandika kwenye kache kwanza) na betri ni nzima, kisha rudia jaribio ukiwa kwenye write-through (moja kwa moja kwenye diski). Hiyo namba ya pili ndiyo utakayoishi nayo siku betri ikigoma katikati ya msimu.