Paka, makochi ya ngozi na nguzo ya katani: uzoefu wangu Mtwara

Kwa mwenye haraka: kati ya vitu vyote nilivyonunua ili paka wangu aache kuparua makochi, kilichofanya kazi ni nguzo iliyozungushiwa kamba ya katani, tena ile niliyotengenezewa na seremala hapa hapa Mtwara, si ile ya kuagiza. Dawa ya kupulizia ni hasara. Selotepu ya pande mbili inasaidia kwa muda, ukijua pa kuibandika na pa kuiogopa. Wenye nafasi tuendelee.

Kwangu hapa Chikongola, Mtwara, paka si pambo. Nyumba ikiwa na gunia la mpunga stoo na korosho za kubangua, panya hawasubiri kualikwa. Shombo (jina wamempa watoto, na anayejua soko la samaki ataelewa kwa nini) alikuja akiwa mdogo, panya wakahama, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Ugomvi ulianza makochi mapya yalipoingia. Watu wa huku mnajua Oktoba na Novemba minada ya korosho ikienda vizuri: kila nyumba inabadilisha kitu. Sisi tulibadilisha makochi. Dukani tuliambiwa ni ngozi mwanzo mwisho. Kumbe ngozi ni pa kukalia na mikononi tu. Pembeni na mgongoni ni ngozi bandia.

Hili la ngozi ipi ni ipi lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ngozi halisi ukiibonyeza kwa kidole inakunjamana mikunjo midogo midogo kuzunguka kidole chako; ya bandia inabonyea tu. Kama bado una shaka, pindua kochi utazame chini pale ilipopigwa pini: ya kweli upande wa ndani ina nyuzinyuzi, ya bandia ni kitambaa kilichogandishwa plastiki juu. Kucha ikipita kwenye ngozi ya kweli inaacha mstari, na mstari wa juujuu unafifia ukisuguliwa krimu ya ngozi. Ikipita kwenye bandia inatoboa lile tabaka la plastiki, kisha joto na unyevu wa pwani vinamalizia: tabaka linabanduka, watoto wanalichokoa, kochi linabaki mabaka mabaka. Nimtendee haki Shombo lakini. Ngozi bandia nyingi hubanduka zenyewe kwenye unyevu, hata nyumba isiyo na paka. Mgongo wa kochi langu kubwa umeegemea ukuta, hakuna kucha inayofika kule, na bado umeanza kuchubuka. Kwa hiyo kabla hujamfukuza paka, tazama mgongoni.

Na paka haparui kwa ubishi. Anavua ganda la nje la kucha lililochakaa. Ukifagia chini ya kochi utaliokota, jembamba, limejikunja mfano wa kapi la mpunga. Ananyoosha mgongo na mabega, ndiyo maana akiamka tu anaanza. Tena anaweka alama: kwenye nyayo zake, kati ya vidole, kuna tezi zinazoacha harufu ambayo sisi hatuisikii, lakini yeye na paka wa jirani wanaielewa vizuri. Harufu hiyo ndiyo inamrudisha palepale. Ukimrushia kandambili anachojifunza ni kuparua ukiwa umetoka.

Sasa bidhaa. Dawa ya kupulizia niliiagiza Dar es Salaam, shilingi 18,000, ikaja kwa basi. Ina harufu ya machungwa, na ni kweli paka wengi hawaipendi harufu ya ndimu na machungwa. Shombo alinusa, akapiga chafya, akahamia mkono wa pili wa kochi. Nikapulizia na huo, akarudi wa kwanza. Nyumba zetu madirisha yako wazi mchana kutwa na upepo wa bahari unapita, harufu gani itakaa? Ungepaswa kupulizia asubuhi na jioni, na ngozi halisi haipendi kuloweshwa kila siku. Pale nilipozidisha pamebaki kivuli ambacho hakijatoka. Nyota moja, na hiyo ni ya chupa, maana naitumia kunyunyizia nguo nikipiga pasi.

Hapo ndipo ushauri wa bure ulipoanza kumiminika. Mmoja alisema niweke vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini, mwingine mafuta ya taa, mwingine pilipili ya unga. Jamani, hapana. Vidonge vile ni sumu kwa paka, mafuta ya taa vilevile. Paka anajilamba mwili mzima, kwa hiyo chochote kinachogusa manyoya yake kinaishia tumboni. Pilipili anaifikicha machoni kwa mguu wake mwenyewe. Siki nayo haimdhuru sana yeye lakini inakausha ngozi ya kochi, sasa utakuwa umeokoa nini?

Selotepu ya pande mbili, ile pana, nilibandika kwenye kona za mikono. Paka hataki kitu kinachonata kwenye nyayo. Alijaribu, akakung'uta mkono kama mtu aliyekanyaga gundi ya panya, akaondoka. Hapa nilifurahi. Ila vumbi la kiangazi likaifunika upesi ikaacha kunata, na siku ya kuibandua, upande wa ngozi bandia iliondoka na rangi. Kwa hiyo ijaribuni kwanza sehemu iliyojificha, na msiiweke kabisa pale ambapo plastiki imeshaanza kuchoka. Nyota tatu, kwa kuwa ilinipa muda wa kutafuta dawa ya kweli.

Nguzo ya kwanza niliiagiza pia, na kwa nauli ya mzigo ilinifikia kwa shilingi 65,000. Picha ilikuwa nzuri sana. Kilichotoka kwenye boksi ni kijiti cha futi moja na nusu, ndani ni bomba la karatasi ngumu, juu kamba nyembamba, chini kibao chepesi. Shombo aliinuka, akaweka mikono miwili, akavuta mara moja. Ikamwangukia. Hakuigusa tena, wala mimi simlaumu. Ndani ya boksi kulikuwa na kipakiti cha unga wa majani ya jamii ya mnanaa, ambayo husemwa yanawalewesha paka. Si paka wote wanaoyajali, ni mambo ya kuzaliwa nayo, na wa kwangu aliyapita kama anapita majivu. Muuzaji alipoulizwa habari ya kuanguka akasema nimuelekeze paka aparue polepole.

Basi nikaenda kwa seremala, Magomeni ya hapa hapa Mtwara. Nilishampima Shombo nyumbani: akijinyoosha kwenye fremu ya mlango kucha zake zinafika karibu futi mbili na nusu, kwa hiyo nikataka nguzo ya futi tatu. Nguzo fupi kuliko paka haina kazi, kwa sababu nusu ya sababu ya kuparua ni kujinyoosha. Fundi akauliza, "Mama, stuli gani hii isiyo na pa kukalia?" Nikamwambia ni ya paka. Akanitazama, akamtazama kijana wake. "Ya paka." Kisha akachukua tepu akaanza kupima, na nimpe sifa yake, maswali yote aliyouliza baada ya hapo yalikuwa ya kazi: paka ana uzito gani, sakafu ni vigae au saruji, kamba ninayo au anunue yeye.

Nguzo yenyewe ni kipande cha mnazi uliokomaa, ule mgumu mzito unaochosha msumeno. Kitako ni ubao mpana, futi moja na nusu kila upande, umefungwa kwa skrubu ndefu kutoka chini. Kamba tukanunua sokoni, katani, unene wa kidole cha mwisho. Msikubali nailoni. Nailoni inateleza, kucha haishiki, na paka hana raha ya kusikia kitu kinachanika. Ninyi wa kusini hamna haja ya kuuziwa katani kama kitu cha Ulaya. Mkonge uliingia nchi hii mwaka 1893, na kule Lindi, Kikwetu, umelimwa miaka na miaka. Inuseni tu kamba kabla ya kulipa. Nyingine zina harufu kali ya mafuta ya kiwandani; yangu niliianika juani kwanza mpaka ikapungua.

Kuzungusha ndiyo kazi. Fundi alipaka gundi ya mbao kidogo kidogo, akazungusha raundi chache, akazigonga kwa kipande cha mbao zishuke zibanane, akapaka tena. Misumari aliipiga miwili tu, mmoja chini kabisa na mmoja kichwani, vichwa vyake vikazama, ili pasiwe na chuma kati ambapo kucha zinapita. Ukiona fundi anapiga pini kila baada ya shubiri, mzuie. Yote kwa yote, kamba na ufundi, shilingi 35,000. Ile ya kuagiza bado ipo, watoto wanaitumia kama wiketi ya kriketi.

Pa kuiweka ni jambo kubwa kuliko nguzo yenyewe. Watu wengi wanaificha nyuma ya mlango kwa kuwa si nzuri kuitazama. Mimi niliisimamisha mbele ya mkono ule ule wa kochi uliokuwa umechanwa, karibu kabisa, kiasi kwamba wageni walikuwa wanauliza. Paka ameshachagua sehemu yake. Wewe unachofanya ni kumwekea kitu kitamu zaidi palepale. Sikumshika mikono kumfundisha, hilo linawatisha. Nilifunga uzi wenye unyoya wa kuku kichwani, akaruka kuushika, kucha zikazama kwenye kamba, na sauti ile ya krr krr ikamkolea. (Kuna anayeshauri kusugua dagaa kwenye kamba. Msijaribu, utafuga sisimizi.) Alipozoea nikaanza kuisogeza kidogo kidogo kuelekea dirishani, na sasa inakaa pale anapolala mchana.

Nikaondoa pia vile vitambaa vya kufuma vya mikono ya makochi. Najua ni fahari ya sebule, na vyangu amefuma mama mkwe. Lakini matundu yake ndiyo yanayonasa kucha, na paka akinasa anavuta, akivuta anajifunza kuvuta. Siku mama mkwe akija vinarudi, naye Shombo anapelekwa uani.

Kucha nampunguza mwenyewe kwa kikata kucha cha kawaida, akiwa na usingizi. Ukibonyeza kidole chake taratibu kucha inatokeza. Ndani yake utaona mstari wa pinki, huo una damu na mishipa ya fahamu, usiuguse. Kata ile ncha nyeupe tu. Kuna aliyeniambia nimpeleke akang'olewe kucha moja kwa moja. Hiyo si kung'oa kucha tu, ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Uingereza hairuhusiwi, na jimbo la New York huko Marekani lilipiga marufuku mwaka 2019. Tena paka asiye na kucha atakamata panya gani?

Makochi yenyewe yanaendelea. Ngozi halisi nilisafisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikakauka kivulini, nikasugua krimu isiyo na rangi. Mistari mingi ya juujuu imefifia, miwili ya ndani ipo na itakuwepo. Upande wa ngozi bandia fundi makochi alivua kipande chote akashona kipya, na rangi imepishana kidogo, mchana unaiona, usiku huioni.

Nguzo ya seremala naipa nyota nne. Imekosa ya tano kwa sababu katani inachakaa: pale katikati imeshaanza kutoa manyoya, ingawa Shombo anapapenda hivyo hivyo, kwa hiyo msikimbilie kubadilisha kamba kisa inaonekana mbaya. Ningeagiza tena ningetaka kitako kiwe na raba chini, maana kwenye vigae inateleza akiivamia kwa kasi. Jirani zangu wawili wameshaagiza za kwao na bei imepanda. Mkienda kwa fundi mwambieni mnataka stendi ya maua, mpatane bei kwanza, habari ya paka mtaje wakati wa kuzungusha kamba.