Leso za kotoni za Biashara Street, kwa sisi tunaoshona vitu vya jikoni

Mashoga zangu wananiuliza sana vile vishikio vya sufuria na vitambaa vya kufunikia mahamri navishona kwa kitambaa gani na nanunua wapi, basi jibu ni leso, yaani kanga, Biashara Street ya Mombasa, ila si leso yoyote tu na hapo ndo nataka niongee kwa urefu, manake naona watu wanatoa pesa ya kotoni wanaletewa poliesta.

Kwanza niseme kwa nini leso. Ukinunua kitambaa cha kawaida cha mita inabidi ufikirie rangi gani iende na gani, utafute cha kuzungushia kingo, lakini leso imeshapangwa tayari. Una mji, yaani ule mchoro wa katikati, una pindo la kuzunguka, una jina, yale maneno yaliyoandikwa, na zinakuja mbili mbili kwa hivyo moja unaweza kuikata na nyingine ukaiacha nzima kama kitambaa cha meza, vyote vikaoana. Mimi pindo nalikata vipande virefu nazungushia kingo za vishikio, mji nautoa viraka vya mfarishi au uso wa mto, na jina silikati kamwe katikati ya maneno, naliweka pale mgeni atalisoma. Nina kitambaa cha sinia kimeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone" na kila anayekuja kufuturu kwangu lazima akiguse. Kile kinachobaki nakitia kwenye mfuko wa viraka, hakuna cha kutupa.

Sasa mtaa wenyewe. Biashara Street ni leso mlango kwa mlango, na ukiingia utaitwa kila upande "karibu dada, karibu mama, njoo uone mpya". Wengi wanajua Mali ya Abdulla, chapa ya wale wa Kaderdina Hajee Essak ambao wako kwa hii biashara tangu 1887, na hata bibi zetu walikua wakiitafuta hiyo chapa kwenye pindo kabla hawajauliza bei. Lakini maduka ni mengi na mimi huzunguka, nashika, nakunja, naweka kwenye mwangaza nione nyuzi zimekaza au ziko wazi wazi. Usiangalie ugumu wa kitambaa dukani, leso mpya ina dondo, ule wanga wa kukaza kitambaa, ikifuliwa dondo linatoka ndo unajua uzito wake wa kweli, kuna nyingine ikitoka dondo inabaki nyepesi kama chandarua na hiyo haifai kushona kitu cha kutumika kila siku.

Shida yangu kubwa na mtaa huu, na ndo maana siupi alama zote, ni kuuziwa poliesta kwa jina la kotoni. Kuna duka moja muuzaji aliniapia kwa viapo vyote kwamba hii ni kotoni tupu, nikashona vishikio vizuri kweli, siku ya kushusha sufuria ya biriani kitambaa kikanywea na kugandana na chuma, Alhamdulillah kilikua kwenye chuma na si kwenye mkono wangu. Kwa leso ya kujifunga nyumbani poliesta haina neno, tena inakauka haraka na rangi haipauki upesi, lakini kwa jiko ni hatari na muuzaji anayejua unaenda kushonea nini akakudanganya huyo amekosa sana.

Kwa hivyo jifunze kupima mwenyewe. Omba akuruhusu uchomoe nyuzi chache pale pembeni, toka nje uziwashe kiberiti. Kotoni inawaka upesi, inanuka karatasi iliyoungua na jivu lake ukiligusa linasagika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inanuka plastiki na mwisho inaacha kijidonge kigumu cheusi, na ikiwa imechanganywa utaona vyote viwili, inawaka huku inaacha vigumu vigumu. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukimuomba hivyo. Kuna mzee mmoja kwenye duka dogo hata simalizi salamu ashanitolea nyuzi na kiberiti, tena ananiambia mapema "hii mwanangu usiipeleke jikoni, chukua ile", na ile yenyewe ni ya bei nafuu kuliko niliyoishika. Mtu kama huyo ndo anafanya nirudi mtaa huu na joto lote lile na mikokoteni na kukosa pa kuweka gari.

Ukifika nyumbani usikate kabla ya kufua, jamani, hili nalisema kwa msisitizo. Kotoni hurudi ikifuliwa, ukiishona mbichi alafu uifue baadaye mishono inavutana na kishikio kinapinda. Na rangi, hasa nyekundu na nyeusi, inatoka. Watu wanaloweka kwa chumvi na siki, mimi naamini maji baridi mengi, unasuuza na kusuuza mpaka maji yatoke meupe, alafu unajaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa, ukikisugua kikabaki cheupe basi iko tayari. Hii ni muhimu zaidi kwa kile cha kufunikia unga wa mahamri, unga ule una tui la nazi na iliki na unakaa umefunikwa mpaka uumuke, ukiguswa na leso inayotoa rangi utakula mahamri mekundu. Kwa hicho cha unga mimi upande wa chini naweka merikani nyeupe na leso inakaa juu kwa urembo.

Kwa ndani ya vishikio tia taulo kuukuu la kotoni, mikunjo miwili au zaidi, usitie sufi, ile ya mti wa msufi, hata kama unayo, sufi inashika moto upesi mno, iache kwa mito. Na kikilowa usishikie sufuria, maji yanapitisha joto haraka utaungua.

Bizari ikikumwagikia usihuzunike. Fua kwa sabuni, anika juani, jua linaila ile rangi ya manjano yenyewe, kitambaa changu cha kushushia mchuzi wa samaki wa kupaka kimepitia hayo na bado kinapendeza.

Kwa wanaoanza kushona viraka ningewaambia wachukue kisutu. Ule mchoro wake ni mdogo mdogo na unajirudia, popote utakapopitisha mkasi kinatoka kipande kizuri, na nyekundu nyeusi na nyeupe zinakubali kila jiko. Leso zenye ua moja kubwa katikati zinataka mtu aliyezoea, manake ukikata vibaya umeua mchoro wote. Zile za mchoro wa korosho ziko katikati, mimi nazipenda kwa mito.

Nendeni asubuhi, kabla jua halijakua kali na mkiwa na mwangaza wa kuangalia nyuzi, alafu mkimaliza soko la Marikiti liko hapo karibu mnapita kuchukua iliki na nazi. Ijumaa mchana wengi wanafunga kwa swala. Ramadhani ikikaribia kuisha msiende kama mnataka muuzaji awe na muda wa kuwachagulia, ule msongamano hata kiberiti hutoki nacho nje.

Kwa leso zenyewe, zikiwa kotoni ya kweli, nawapa tano kwa tano. Kwa mtaa nawapa nne, na hiyo moja nitaiongeza siku kila duka litaandika wazi kitambaa chake ni cha nini.