PhD ya Fedha Marekani: Ninavyoiona Nikiwa Mwaka wa Nne

Kwa miaka sita nilikuwa afisa mikopo Mwanza. Kulikuwa na jambo halikuniacha: akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wasio na hati ya nyumba wala ya kiwanja, walikuwa na marejesho mazuri kuliko wafanyabiashara waliotuwekea nyumba rehani. Kwa nini? Ofisini jibu lilikuwa "wanaogopana". Mimi halikunitosha, na ndilo lililonileta kwenye PhD ya fedha, katika chuo kikuu cha umma katikati ya Marekani. Wadogo zangu wengi mnaniuliza kama inafaa, nami nawajibu kama mtu aliyeilipia kwa jasho.

Nianze na pesa, maana wengi mnakata tamaa bure. Katika vyuo vingi vya utafiti vya huku hulipi ada. Wanakusamehe na kukupa posho ya kujikimu, nawe unamsaidia profesa kwenye utafiti au unafundisha. Ndiyo maana nafasi ni chache. Sisi tuliingia wanne. Pesa inakutoka kabla hujapanda ndege: ada za maombi, GRE (mtihani wa kuomba masomo ya juu), TOEFL (mtihani wa Kiingereza), dola 350 za SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni), kisha viza. Niliomba vyuo tisa. Viwili vilinisamehe ada ya maombi baada ya kuwaandikia, kwa hiyo ulizeni, msione haya. Zilizobaki nililipa tulipovunja kikoba chetu mwezi wa kumi na mbili.

GRE nilirudia. Hesabu nilipata 158 mara ya kwanza, ya pili 167, na juu kabisa ni 170. Lakini kilichoniokoa ni barua ya maelezo. Rasimu ya kwanza ilisimulia utoto wangu na ndoto ya kuwa meneja wa benki. Mwalimu wangu wa zamani aliikata yote kwa kalamu nyekundu, akaniambia, "Binti yangu, hawa wanatafuta mtafiti. Waambie utatafiti nini." Nikaanza upya na wale akina mama. Barua za mapendekezo pia ziombeni kwa wahadhiri waliosimamia utafiti wenu. Meneja wa tawi akusifu vipi, haina uzito huo.

Mwaka wa kwanza ulinivunja. Nilitarajia benki na masoko ya hisa, nikakuta mikroekonomia, ekonometria na kuthibitisha nadharia kwa hesabu, ukurasa baada ya ukurasa. Shahada yangu ya biashara haikuwa imenifundisha hayo. Jumamosi tulikaa wanne mbele ya ubao hadi usiku, na bila wenzangu nisingevuka mtihani wa mwisho wa mwaka. Mmoja wetu hakuvuka, akaondoka na shahada ya uzamili. Kama uko Mlimani sasa hivi, nenda idara ya hesabu ukasome aljebra ya mstari na nadharia ya uwezekano, hata kama hazihesabiwi kwenye shahada yako.

Ninachokisifu bila kusita ni data. Ukiwa mezani kwako unafungua hifadhi ya CRSP ya Chicago na kuona bei za hisa za New York tangu 1926. Soko letu la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa 1998. Pia kuna semina za kila wiki: mgeni anakuja na andiko lake, na kabla hajamaliza ukurasa wa pili maprofesa wameshaanza kulichambua. Humo nimejifunza kuliko darasani.

Malalamiko ninayo. Posho yetu ni ya miezi tisa, na kiangazi unahangaika mwenyewe. Msimamizi wangu wa kwanza alihamia chuo kingine nikiwa mwaka wa pili, nami nikabaki na rasimu isiyo na mlezi. Kabla ya kuchagua chuo, waulizeni wanafunzi waliopo: nani anasimamia, na waliomaliza wako wapi leo? Mimi niliangalia jina la chuo tu.

Lililoniuma zaidi ni kuambiwa niache VICOBA kwa kuwa hakuna data. Mwaka mzima niliandika juu ya benki ndogo za Marekani. Msimamizi wangu wa sasa ndiye aliyenipa utafiti wa Jack na Suri wa 2014 kuhusu Kenya, ulioonyesha kwamba kaya zenye M-Pesa zilipopata pigo hazikupunguza matumizi, kwa sababu ndugu na marafiki waliwatumia pesa. Niliusoma usiku mmoja. Asubuhi nilimwambia data ya VICOBA ipo, iko kwenye madaftari ya vikundi.

Mwezi wa saba naenda Mwanza kupiga picha madaftari ya vikundi 84, ukurasa kwa ukurasa. Makatibu wa vikundi 61 wameshakubali.