Kifuu au chungu: pango lipi kwa siklidi wadogo?

Kwa siklidi wadogo, samaki wa tangini wanaotaga pangoni, mimi nachagua kifuu cha nazi, ingawa hapa Kampala chungu hupatikana kwa urahisi zaidi, maana nazi hutusafiria kutoka pwani.

Apistogramma, siklidi wadogo wa Amerika Kusini, hubandika mayai yao darini mwa pango, kisha jike hulinda peke yake. Kwa hiyo dari ndiyo kila kitu. Ndani ya kifuu ni giza, kumekunjamana kidogo, na mayai hushika vizuri. Kifuu pia hutoa tanini inayotia maji rangi ya chai, kama mito ya kwao. Lakini kina kazi: kwangua nyama yote, chemsha, mwaga maji, chemsha tena. Mabaki ya mafuta huchafua tangi haraka, na hilo limeshaniulia vifaranga, bado linaniuma.

Chungu cha udongo ni kizito, hakisogezwi na samaki wanaofukua mchanga, na hudumu miaka. Kiwe kimechomwa vizuri, bila rangi wala mng'ao.

Mlango ndio wengi hukosea. Sentimita 3 zinatosha jike. Ukiwa mpana zaidi, dume huingia kumsumbua. Kwenye kifuu natumia msumeno wa chuma na msasa. Chungu hupasuka ukikikata kikavu, kwa hiyo kiloweke kwanza, ukisage taratibu kwa tupa.

Kwa Pelvicachromis, siklidi wa Afrika Magharibi ambao huchimba sana, ningewapa chungu bila kusita.