2D au 3D? Uzoefu wangu wa kuhama kati ya ramani bapa na 3D kwenye QGIS

Niseme mapema, mi sio shabiki wa 3D ya urembo. Kuna watu wakishajua programu ya ramani ina 3D basi kila ripoti lazima iwe na mlima umesimama hata kama kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu viwanja. Ila saa hizi kazi yoyote yenye mto, barabara au majengo siifungi bila kuipitisha kwenye 3D kwanza, na sio kwa ajili ya kuonyesha watu, ni kwa ajili ya kukagua.

Kilichonifanya nikae na QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kwenye hili jambo ni kwamba haigeuzi ramani yako, inakufungulia dirisha la pili. 3D yake yenyewe ilianza na toleo la 3.0 mwaka 2018, kabla ya hapo watu walikuwa wanategemea plagini (nyongeza ya programu) kama Qgis2threejs. Ramani bapa inabaki pale pale na kila ulichochagua, 3D unaipachika pembeni au kwenye skrini ya pili kama unayo, alafu kuna mpangilio wa kuyafunga hayo madirisha mawili yafuatane: ukisogeza bapa kamera ya 3D inakuja, au ukigeuza 3D bapa inafuata, na unaweza kuwasha umbo linalokuonyesha kwenye bapa kamera inaona eneo gani. Hilo umbo peke yake limeniokolea muda mwingi sana, maana kwenye 3D ukizunguka kidogo tu hujui tena unatazama kusini au mashariki.

Nimewahi kutumia programu nyingine ya kulipia, jina naliacha, yenyewe ina kitufe kimoja juu ya skrini, unabonyeza ramani inainama, unabonyeza tena inalala. Kwenye video za matangazo inapendeza mno. Kwenye kazi sasa! Uko bapa, skeli umeiweka 1:5,000, kaskazini iko juu, umechagua vipande vya mto unataka kuvirekebisha, unaenda 3D kuchungulia kidogo, unarudi unakuta skeli imekuwa namba ya ajabu ajabu, kaskazini imelala ubavu, na vile vipande ulivyochagua havipo. Unaanza upya.

Kuwa mkweli sababu ipo. Kamera ikishainama hakuna tena skeli moja, cha mbele kinakuwa kikubwa cha nyuma kidogo, kwa hiyo ukirudi bapa programu inabidi ikisie ulikuwa umbali gani. Ila si ingekumbuka tu nilikotoka jamani.

Kwa anayeanza, jiandae na jambo moja: unafungua 3D kwa mbwembwe na ardhi inatokea bapa kama meza. Haijaharibika, hujaipa mwinuko. Unaingia kwenye mipangilio ya 3D, upande wa ardhi, unaiambia itumie modeli ya mwinuko (data inayosema kila mahali pana urefu gani), ama rasta yako, yaani faili la pikseli ulilonalo, ama ile ya mtandaoni. Na uwe na projekti iliyo kwenye mfumo wa koodineti wa mita kama UTM, sio wa digrii, huko mambo yanakwenda vizuri.

Wengi tunatumia SRTM kwa sababu ni ya bure. Hiyo ni data ya mwinuko iliyopimwa kwa rada kutoka kwenye chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, siku 11 tu, ikachukua nchi kavu kuanzia digrii 60 kaskazini mpaka 56 kusini, na pikseli yake ni karibu mita 30. Sasa ile rada haikufika chini kabisa kwenye msitu mnene, ilirudishwa na majani na matawi, kwa hiyo kwenye 3D msitu unaonekana kama uwanda ulioinuka na ukingo wake unakuwa na ngazi. Ukiona ngazi iliyonyooka inafuata mpaka wa msitu usije ukaandika kwenye ripoti kwamba ni mteremko, hiyo ni miti.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye mito. Leya (tabaka la data) ya mito iliyochorwa kutoka ramani ya karatasi ya zamani, kwenye bapa inapendeza, inajikunja vizuri, huna la kuilaumu. Ifungue 3D, kama nchi haina miinuko mikali ongeza skeli ya wima (inayokuza urefu tu) iwe 3, alafu inamisha kamera utazame kwa kufuata bonde. Utaona mto unapanda kilima! Unatoka bondeni, unatembea begani mwa mlima, unashuka tena. Na hapo usikimbilie kurekebisha, angalia kwanza unapanda upande gani. Kama mito yote inapanda upande ule ule, tuseme yote mashariki, basi leya nzima imesogea, tatizo ni datumu (msingi ambao koodineti zinapimwa kutoka kwake) au ile karatasi ilivyofungwa kwenye koodineti, unasogeza zote kwa pamoja. Kama ni kona moja tu ndo imepanda, basi ni mkono wa mchoraji, au mto wenyewe umehama toka ramani ichorwe. Kwenye bapa hiyo tofauti ungeitafuta kwa kusoma kontua (mistari ya mwinuko) moja moja mpaka macho yaume.

Ukimaliza rudisha wima kwenye 1, tafadhali. Mteremko wa digrii 10 ukiukuza mara 3 unaonekana kama digrii 28, na mtu akiona hiyo picha atakataa kupitisha barabara mahali ambapo gari dogo linapita bila shida.

Kingine ni data ya droni. Majengo yanaelea hewani au yamezama mpaka paa. Mara nyingi ni kwamba GPS imetoa mwinuko wa juu ya elipsoidi (umbo laini la dunia la kihesabu) na modeli yako ya ardhi inahesabu kutoka usawa wa bahari, na hizo mbili zinapishana kuanzia kama mita 106 chini mpaka 85 juu kutegemea uko wapi duniani. Kwenye bapa hilo halionekani KABISA. Unaweza kubadilisha mpangilio wa leya kutoka mwinuko kamili kwenda ule wa kufuata ardhi na majengo yatakaa chini vizuri, ila hapo umeficha tu, namba bado ni zile zile.

Kuchora na kuhariri nafanya bapa tu. Kamera ikiinama, pikseli moja ya mbali inabeba mita nyingi, ukibonyeza hujui umeshika mlima wa mbele au wa nyuma. Kupima inategemea: mita 100 za bapa kwenye mteremko wa digrii 30 ni kama mita 115 za ardhini, kwa hiyo anayenunua bomba au waya apimiwe kwenye 3D, anayeuliza eneo la kiwanja abaki bapa.

Majina ya ramani bapa yakipakwa juu ya ardhi ya 3D yanavutika na mteremko mpaka hayasomeki, nayazima. Laptopu yenye grafiksi dhaifu itakoroma, punguza ubora wa vigae (vipande vinavyounda ardhi ya 3D). Kuinamisha ni Shift na kuburuta mausi, kugeuza kamera ikiwa pale pale ni Ctrl, hizo mbili zikishaingia mkononi hutafuti vitufe tena.

Kwenye kuchapisha naziweka zote mbili ukurasa mmoja, bapa kubwa na 3D ndogo pembeni. Kipimo cha umbali kinakaa kwenye bapa peke yake, na mtu akiuliza mbona 3D haina namwonyesha nyumba mbili zenye ukubwa sawa, moja mbele moja nyuma, apime mwenyewe kwa rula.