TAHADHARI: Wanaotoa sunzua, vinyama na keloidi (makovu yanayovimba na kukua) "bila kisu, bila kovu" saluni na majumbani hapa Dar

Wakuu, matangazo haya yamezagaa Instagram na kwenye status za WhatsApp: "Tunatoa sunzua, vinyama, madoa meusi na keloidi. Dakika 10, bila kisu, bila kovu. Tupo Kariakoo, Sinza, Mbagala, tunakufuata hadi nyumbani." Jina la kituo hakuna, namba ya usajili hakuna, ni namba ya simu tu. Msiende. Kama umeshatuma hela ya kushikia nafasi, heri hiyo hela ipotee.

Wanatumia vitu viwili. Kimoja ni kalamu ya umeme inayotoa cheche, inauzwa kama kifaa cha urembo. Kina cha kuungua kinategemea mkono wa aliyeishika: akiganda hapo hapo sekunde mbili tatu zaidi, ameshapita tabaka la juu na kovu halikwepeki. Kingine ni tindikali kwenye kichupa kisicho na lebo, wao wanaiita dawa ya mitishamba. Wanachovya kijiti cha meno, wanagusa, ngozi inakuwa nyeupe kama chaki, baada ya siku chache inageuka gamba jeusi. Hapo utaambiwa "mzizi unatoka". Sunzua haina mzizi, ni virusi kwenye tabaka la juu la ngozi. Lile gamba ni nyama yako iliyoungua.

Ngozi nyeusi ikiungua huacha doa jeusi la miezi mingi, au baka jeupe pale seli za rangi zinapokufa. Hata hospitali wanaogandisha sunzua kwa nitrojeni, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, wanahesabu sekunde kwa sababu hiyo hiyo.

Keloidi ndiyo biashara yao kubwa, na ndipo watu wanapoumia zaidi. Keloidi ikikatwa au kuunguzwa peke yake, mara nyingi hurudi, tena kubwa kuliko ya mwanzo, maana kidonda kipya kimefunguliwa kwenye ngozi ile ile yenye tabia hiyo. Tiba yake ni ya subira: sindano za triamsinoloni (dawa ya kupunguza uvimbe wa kovu) ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa miezi kadhaa. Hata daktari akiamua kuikata, sindano zinaendelea. Anayekuambia inaisha leo leo anakuuzia keloidi mpya.

Ila kibaya kuliko vyote ni kile kinachoishia kwenye ndoo ya taka. Hospitali, kipande kilichokatwa na kutiliwa shaka kinawekwa kwenye kopo la fomalini ya asilimia 10 (dawa ya kuhifadhi nyama isioze), dawa iwe kama mara 10 ya ukubwa wa kipande, linaandikwa jina lako na sehemu kilipotoka, kisha linakwenda maabara ya patholojia, wanakopima kama ni saratani. Hawa hawana kopo, na kilichounguzwa hakipimiki. Doa jeusi kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha linaweza kuwa saratani. Mwanamuziki Bob Marley, saratani yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Na ndugu zetu wenye ualbino, kidonda cha usoni au sikioni kisichopona msimruhusu mtu wa saluni hata kukigusa.

Upasuaji mdogo wa kweli mnaupata Mwananyamala, Amana au Temeke, na rufaa ni Muhimbili. Kabla ya kisu utaulizwa kuhusu kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, mzio wa ganzi, na kama kwenu kuna keloidi. Sindano na kisu vifunguliwe kwenye pakiti mbele yako. Ncha iliyotumika kwa mwingine inaweza kukupa homa ya ini B au VVU. Uvimbe wenye kifuko, wakikamua tu bila kutoa kifuko chake, utarudi. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi 7, za mgongoni na miguuni siku ya 10 hadi 14. Na lipia kaunta upewe risiti, usitume kwenye simu ya mtu.

Kama umeshapakwa tindikali, osha sasa hivi kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta. Ikiwa ni karibu na jicho au sehemu za siri, au wewe ni mjamzito, nenda hospitali leo. Kwingine, joto, maumivu yanayoongezeka, usaha au homa visikukalishe nyumbani. Wekundu usiusubiri, kwenye ngozi yetu hauonekani vizuri.

Tunza picha ya tangazo, namba na ujumbe wa muamala, upeleke kwa mganga mkuu wa manispaa yako na polisi. Kichupa kikibaki kwako, kisimamishe ndani ya mfuko wa plastiki, kifunge, uende nacho hospitali: daktari akijua ni kitu gani kimekuunguza, anajua pa kuanzia.