EJ207 ya mtumba kwenye WRX iliyonoki, maoni yangu baada ya kuiendesha

Wadau wa Subaru, kama WRX yako imenoki (injini imegonga mpaka imekufa) na hujui uweke injini gani, mimi nimefunga EJ207, injini ya lita 2.0 ya STI (ile WRX kali zaidi) ya Japani, ile toleo la nane yenye turbo ya njia mbili, na nimeshaikanyaga vya kutosha kusema inafaa sana, ila ina mambo yake ambayo wauzaji wengi hawakuambii mpaka uwe umeshalipa.

Gari yenyewe ilikuja na EJ205, na sio ya kiwandani tena, ina interkula (kipoza hewa ya turbo) kubwa ya mbele, ekzosti pana, presha ya turbo imepandishwa na kontrolboksi (kompyuta ya injini) imeandikwa upya. Ikaanza kugonga kule chini, kok-kok-kok, ukikanyaga mlio unafuata mzunguko, fundi kufungua sampu (karai la oili chini ya injini) tu oili inang'aa vipande vya shaba. Beringi ya konrodi imezunguka, kranki imechubuka. Ikifika hapo usidanganywe na habari za oili nzito, hiyo injini imeshakufa.

Sasa ukiuliza watu uweke nini, wa kwanza atakwambia EJ257, lita 2.5, kubwa ndo tamu. Kiukweli kwa gari ya kuendea kazini tamu inakuwepo, inavuta mapema, huhitaji kuipandisha mizunguko mingi. Ila angalia hesabu yenyewe: silinda za EJ257 zina upana wa milimita 99.5 wakati za EJ207 ni 92, na kwenye injini zote za EJ umbali kati ya katikati ya silinda moja na jirani yake ni uleule, milimita 113. Yaani kwa 2.5 unabaki na milimita 13.5 tu za kuta mbili na maji na sehemu ya gasketi kukalia, kwa 2.0 unabaki na 21. Ongeza na pistoni zake za kiwandani ambazo ni za kumwagwa (zimemiminwa kwenye ukungu), sio za kufuliwa (zilizogandamizwa kwa nguvu zikawa ngumu), ukipandisha presha halafu petroli ikalipuka kabla ya wakati wake, sehemu ya kati ya ringi na ringi inakatika, na mara nyingi huanzia silinda namba 4. Ukitaka 2.5 na gari yako imetunwa (imeongezwa nguvu) basi nunua na pistoni za kufuliwa kabisa, vinginevyo utarudi gereji.

Njia nyingine ni kuijenga upya hiyohiyo EJ205. Ukiwa na fundi wa mashine anayepima kwa maikromita na sio kwa jicho, sina ubishi, ni njia nzuri, unajua kila kitu kilichomo ndani. Tatizo bloki ya 205 iko wazi juu, silinda zimesimama zenyewe bila kushikwa pembeni, kwa hiyo ukiwa na mpango wa presha kubwa unajenga nyumba kwenye msingi ulioukataa mwenyewe. 207 juu imezibwa nusu, silinda zinashikiliwa, na mwendo wa pistoni ni mfupi kuliko wa 2.5, milimita 75, ndo maana inakubali kuzungushwa mpaka kama mizunguko 8,000 kwa dakika bila kulalamika.

Na hapo ndo raha yake ilipo jamani. Chini ya 3,000 ni gari ya kawaida kabisa, halafu turbo ikiamka haikati pumzi, unategemea ichoke kama ile ya zamani ilivyokuwa inachoka juu, yenyewe ndo kwanza inaomba gia ibaki palepale. Hiyo turbo ya njia mbili inapokea moshi wa silinda 1 na 2 upande mmoja, 3 na 4 upande wa pili, moshi haugongani, inaamka mapema kuliko nilivyotegemea kwa lita 2.0. Kiwandani ziliandikwa farasi 280, ambao ndo ulikuwa ukomo waliokubaliana watengenezaji wa Japani miaka ile, kwa hiyo usiichukulie hiyo namba kama msahafu.

Mambo yasiyosemwa sasa. Manifoldi yake ya kutolea moshi ina mabomba ya urefu sawa, kwa hiyo ule mngurumo wa Subaru unapotea, inalia kawaida tu, kuna watu hilo peke yake linawatosha kughairi. Ekzosti yako ya zamani haitakaa bila kukatwa na kuchomelewa. Mikamshafti ya kuingiza hewa inabadilishwa pembe kwa presha ya oili, kama kontrolboksi yako haina uwezo wa kuiendesha hiyo kitu utakuwa umenunua nusu injini, chukua injini pamoja na kontrolboksi yake, waya zake, turbo na manifoldi, muuzaji akisema vingine utapata mbeleni achana naye. Halafu petroli, kule kwao ilipangiwa ya oktani 100, ya kwako kama ni ya chini lazima kontrolboksi iandikwe upya kwenye mashine ya kupimia nguvu kabla hujaanza fujo barabarani.

Kabla haijaingia kwenye gari tulipima kompresheni silinda zote nne, usiangalie namba kubwa, angalia zinalingana, tukafungua sampu kuangalia vyuma, tukabadilisha taimingi belti, tensheni, pampu ya maji na sili zote ikiwa bado iko mezani, maana belti ikikatika kwenye hizi injini valvu zinakutana na pistoni. Nilichosisitiza zaidi ni uchafu wa ile iliyokufa. Kipoza oili (oil cooler) cha nje na mabomba yake vyote nimetupa, fundi alitaka kuvisuuza nikakataa, vile vichuma vinajificha ndani kwenye mapezi havitoki, siku ya kwanza ya moto vinaenda moja kwa moja kwenye beringi mpya. Turbo ya zamani pia usiihamishe, na boliti za njia ya oili zenye vichujio vidogo ndani vitoe uvione kwa macho.

Kwa anayetaka kubeba mizigo na kuvuta kutoka chini, 2.5 iliyojengwa vizuri bado naiona inamfaa kuliko hii. Kwa anayependa kuzungusha, sioni ya kuishinda hii bila kufungua injini. Gia boksi nimeacha ileile ya gia 5, inavumilia kwa sababu siikurupushi kwenye kuondoka, ikisalimu amri nitaweka ya gia 6 ya STI, ila hiyo lazima ije na difu yake ya nyuma maana hesabu za meno hazifanani, na zikipishana mbele na nyuma kinachoungua ni difu ya katikati.